Mjadala: Je, moto wa mkaa na kuni upigwe marufuku kabisa kwenye hifadhi za mapumziko?

Njia ya Miguu (mtoa mada)
Wakuu, naleta hoja mezani. Hifadhi za mapumziko nje ya miji, zile za kwenda kutembea, kukaa kando ya maji na kula pikiniki na familia, ziko njia panda kuhusu moto. Wapo wanaotaka marufuku ya moja kwa moja: hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna yale masinia ya kuchomea ya kutumia mara moja. Wapo wanaosema ukimzuia mtu kuchoma chakula nje umemnyang'anya nusu ya matembezi yake.

Msimamo wangu ni marufuku. Mwezi Mei 2020, Wareham kule Dorset, Uingereza, zaidi ya hekta 200 za msitu ziliteketea, na masinia kadhaa ya kuchomea yalikutwa eneo hilo. Mwaka huohuo New Forest, hifadhi ya taifa hukohuko kusini mwa Uingereza, walifuta kuchoma chakula na kuwasha moto wa wazi. Sioni kwa nini hifadhi nyingine zingoje hadi yazikute. Karibuni, hoja kwa hoja.

Wavu na Mkaa
Ndugu mtoa mada, hayo masinia ya kutumia mara moja yafutwe hata leo, sina ubishi. Ni bati jembamba la alumini lenye mkaa ndani na wavu juu, halina miguu. Joto linashuka moja kwa moja kwenye nyasi, zinakufa kwa umbo lilelile la sinia. Udongo ukiwa na mboji nyingi, moto unaingia ardhini bila kutoa mwali. Halafu watu wakishakula, sinia bado halishikiki. Ama linaachwa palepale, ama linasukumwa kwenye pipa la plastiki lililojaa karatasi zenye mafuta. Hata mtu mwangalifu anakwama nalo.

Jiko la kudumu ni habari nyingine. Ni sanduku la chuma juu ya nguzo iliyosimikwa kwenye zege, kimo cha kiuno, chini changarawe, mita 3 kila upande hakuna nyasi, na juu hakuna tawi. Ukifuta na hilo, wachomaji hawatarudi nyumbani. Wataingia vichakani, ambako hakuna changarawe, hakuna maji wala askari wa kuwaona.

Mizizi
Naunga mkono marufuku kwa upande wa kuni, na sababu yangu haihusu mioto mikubwa. Kuni zinazookotwa hifadhini ni makazi. Gogo linalooza lina kuvu, mabuu ya mbawakawa, na unyevu ambao miche inauhitaji. Eneo la pikiniki likitumika msimu mzima, utakuta chini ya miti pamefagiliwa hadi ukavu, na kuni zikiisha watu wanaanza kuvunja matawi mabichi. Moto ukiwashwa kwenye shina, ganda linaungua upande mmoja na tabaka hai lililo chini yake linakufa. Mti hauanguki siku hiyo, lakini jeraha hilo ndilo mlango wa wadudu na kuvu.

Jambo jingine: mawe ya mtoni yasizungushiwe moto. Maji yaliyonaswa ndani yakichemka, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande.

Askari Kijani
Wakuu, naona tunabishana sana kuhusu kuwasha. Taabu kubwa iko kwenye kuzima.

Kaa lililovaa jivu jeupe linaonekana limekufa. Lipulize kidogo, tumbo lake linageuka rangi ya chungwa. Rundo la makaa likifunikwa na jivu lake lenyewe linaweza kushika moto hadi siku mbili. Sasa mtu wa pikiniki anafanya nini saa ya kuondoka? Anamwagia nusu chupa ya maji, moshi mweupe unapaa, anaondoka ameridhika. Maji yamelowesha tabaka la juu tu.

Njia sahihi kwa jiko la kudumu ni hii. Chukua ndoo ya chuma ya lita 10, ijaze maji nusu. Simama upande unakotoka upepo ili mvuke na jivu visikurudie usoni. Chota makaa kwa koleo, kidogo kidogo, uyatumbukize ndani ya maji. Usimwage maji kwa mkupuo juu ya makaa mengi: mvuke utakuchoma mkono, na bati la jiko lililopata moto sana hujikunja likipoozwa ghafla. Koroga hadi mchemko ukome na usisikie tena sauti ya "shii". Kisha tia mkono ndani ya jiko lililobaki tupu, ukitanguliza mgongo wa kiganja, kwanza karibu bila kugusa, halafu gusa. Kama hapashikiki, kazi haijaisha.

Moto wa chini, pale unaporuhusiwa: mwagia, koroga pamoja na udongo wa chini yake, geuza kila kigogo, mwagia tena, gusa. Kwa kilo moja ya mkaa tenga lita 5 hadi 10 za maji.

Na tafadhali, msifukie makaa kwa mchanga. Mchanga unayahifadhia joto kama blanketi. Saa kadhaa baadaye anapita mtoto peku, haoni kitu, anakanyaga.

Pipa la majivu liwe la chuma, lenye kifuniko, lisiwe na mfuko wa plastiki ndani, liinuliwe juu ya matofali, na likae mbali na mapipa ya taka. Hifadhi inayoweka majiko bila pipa hili na bila bomba la maji inajitafutia moto yenyewe.

Hema Dogo
Kwa nini basi tusihamie gesi wote? Ukifunga kishikizo, moto umekwisha. Australia bustani nyingi za umma zina majiko ya umeme au gesi: unabonyeza kitufe, sahani inapata moto kwa muda fulani, kisha inajizima.

Wavu na Mkaa
Gesi ni nafuu kweli kwa usalama, ila nayo ina miiko yake. Usizungushe kizuia upepo pande zote za mtungi, na usitumie sufuria pana kupita kiasi juu ya jiko linalokaa kwenye mtungi wenyewe, kwa sababu joto linarudi chini na mtungi unapata moto. Kagua kiungo kwa povu la sabuni, bubujiko likitokea usiwashe. Palipo na baridi inayokaribia nyuzi 0, mtungi wenye gesi ya butani pekee unakosa nguvu, chukua wenye mchanganyiko na gesi ya propani.

Na kwa wanaolala: jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata likiwa linakaribia kuzimika. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia.

Njia ya Miguu (mtoa mada)
Askari Kijani, maelezo yako yamenigusa, na yananipa swali gumu zaidi. Nani atahakikisha kila familia imefanya hayo yote geti likikaribia kufungwa na watoto wamechoka?

Askari Kijani
Hakuna atakayehakikisha kama kanuni inataja saa ya kufunga peke yake. Iwekwe saa ya mwisho ya kuwasha. Geti likifungwa saa 12 jioni, hakuna mkaa mpya baada ya saa 9 alasiri. Saa 11 askari anapita kila jiko na ndoo yake. Maandishi hayo yabandikwe kwenye nguzo ya jiko, maana bango la getini husomwa na wachache. Siku ambayo upepo unainua vumbi na karatasi na kutikisa matawi madogo, majiko yafungwe kwa kifuniko na kufuli toka asubuhi. Wakati wa ukame, vivyo hivyo.

Mizizi
Na kuni?

Askari Kijani
Kuni hapana. Hapo niko na wewe.

Njia ya Miguu (mtoa mada)
Kwa hifadhi yenye maji, pipa la chuma na mtu wa kupita saa 11, nalegeza msimamo kuhusu jiko la kudumu. Ikikosekana moja kati ya hizo tatu, kura yangu bado ni marufuku.