Siga haimezwi moshi, sasa madhara yake yako wapi?

kijana_kaskazini:
Asalaam alaykum jamani. Mie nafanya kazi baa ya ufukweni hoteli moja huku kaskazini, sasa skuhizi wageni wanaovuta siga wamekuwa wengi, zile sigara nene za majani matupu si hizi za pakiti, na wengine wakifunga mabegi wanatuachia moja mbili. Mwanzo nlikuwa napenda harufu tu, sasa nshaanza kuzivuta na ukweli n'nazipenda, nikiwa ofu nakaa nje jioni nna kahawa yangu basi raha mustarehe. Mgeni mmoja wa Kijerumani kanambia siga haina neno kwa sababu moshi humezi, unaupiga mdomoni unautoa, mapafu hayahusiki kabisa. Mke wangu hataki hata kuisikia, yeye anasema moshi ni moshi. Mwenye kujua anifahamishe nani mkweli hapa, ila msinitishe tu, semeni na utamu wake.

forodhani_usiku:
Waalaykum salaam. Kwenye utamu nipishe mie maana nshavuta miaka na najua nnachokisema. Kwanza siga haitaki haraka, ukiivuta mbio mbio inapata moto inakuwa chungu na kichwa kinakuzunguka. Kata kichwa kidogo tu usipite pale jani lilipofungwa, ncha ya pili ipashe kwanza pembeni ya moto huku unaizungusha mpaka duara lote liwe jekundu, ndo uvute. Baada ya hapo pafu moja kwa dakika inatosha. Ile nzuri inabadilika njiani, mwanzo unapata kama mbao na pilipili manga, katikati inakuja kahawa na kakao, mwisho inakuwa kali na hapo ndo pa kuiacha, usiing'ang'anie mpaka ikuunguze vidole kama kipisi cha sigara. Na jivu usiliguse guse, jani zuri likisokotwa vizuri linashika jivu refu lenyewe.

Tatizo la kwetu ni unyevu. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 hivi, ndo maana wenzetu wanaziweka kwenye visanduku vya mwerezi, sasa hapa msimu wa masika ukiiacha wazi inaota ukungu, na joto likizidi kuna mdudu wa tumbaku anaanguliwa humo humo ndani anaitoboa vitundu. Jokofu nalo linaikausha, kwahiyo itie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana uweke pahala pa baridi.

Watu wameichekea sana ile habari ya Kennedy, rais wa Marekani. 1962 kabla hajatia saini kupiga marufuku bidhaa za Kuba alimtuma msemaji wake Salinger akamtafutie siga za Kuba, akazipata 1,200 usiku ule ule, asubuhi alipompa habari ndo ikasainiwa. Salinger mwenyewe ndo kasimulia. Sasa wewe unafikiri mtu anafanya hivo kwa kitu kisicho na ladha?

Madhara sikatai yapo, ila kila kitu kwa kiasi, moja kwa mwezi haimuui mtu.

jino_la_hekima:
Naomba nijibu hili la kutomeza moshi maana nafanya kazi kliniki ya meno hapa mjini na suala hili naulizwa sana, si kwa siga, kwa tambuu.

Mtazame mzee anaekula tambuu. Anatia popoo, chokaa, na kipande cha tumbaku, anafunga na jani anaweka shavuni. Moshi hana hata chembe, lakini mwambie aache siku tatu uone atakavyokuwa mkali nyumbani. Ile nikotini, yaani kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha, imeingiaje? Imepita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na chokaa ndo inayoifungulia mlango, kwa sababu chokaa ni alkali na nikotini kwenye alkali inapita kirahisi. Sasa moshi wa siga nao una alkali kwa namna majani yake yanavyokaushwa na kuvundikwa. Moshi wa sigara ya pakiti una asidi zaidi, ndo maana mvutaji wa sigara lazima aumeze mpaka mapafuni ndo apate kitu. Mwenye siga anapata mdomoni hapo hapo. Kwahiyo yule Mjerumani kasema kweli nusu, humezi, lakini kutomeza hakukuokoi.

Halafu angalieni ukubwa. Sigara moja ina tumbaku chini ya gramu moja, siga kubwa inaanzia gramu 5 na nyingine zinapita 15, yaani siga moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima. Ule uvundikaji unaoleta ladha anayoisifu ndugu yangu wa Forodhani ndo huo huo unaozidisha nitrosamini, na hizo ni sumu za saratani. Na lile jani la nje halipitishi hewa kama karatasi, tumbaku inaungua nusu nusu, kwahiyo kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, inakuwa nyingi na hiyo mzigo wake unauangukia moyo.

Saratani zinazofatana na siga ni za mdomo, ulimi, koo, koromeo na umio, na mapafu pia hayajasalimika, hasa kwa aliekuwa mvutaji wa sigara kabla maana huyo anameza bila kujijua. Fizi nazo zinarudi nyuma, meno yanalegea. Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, alikuwa akivuta siga kama 20 kwa siku, 1923 akakutwa na saratani ya taya na kaakaa, akapasuliwa zaidi ya mara 30 mpaka akawekewa kaakaa la bandia, na bado hakuacha, akafa 1939. Castro mwenyewe, kiongozi wa Kuba pale pale, aliacha 1985.

Kwa haki nikubali, anaevuta mara moja moja hatari yake si sawa na wa kila siku. Wa kila siku hata ikiwa moja au mbili hatari ya mdomo inapanda, hilo limeshathibitika. Ila usalama kamili haupo. Wewe mwenye thread jiangalie kwenye kioo, ukiona baka jeupe lisilofutika au kidonda kimepita wiki mbili hakijapona, au sauti imekuwa nzito haikai sawa, nenda hospitali usisubiri.

bi_mkubwa_kikwajuni:
Na mke jamani hamumtaji? Siga inawaka saa nzima, nyumba zetu za huku mjini dirisha moja linatazama ukuta wa jirani, moshi huo unakwenda wapi kama si kwenye vifua vya watoto. Hata ukivutia nje unarudi ndani na nguo imejaa. Mimi udi wangu nafukiza kwa raha zangu halafu mtu aniletee harufu ya jalala juu yake, akalale barazani!

mpemba_wa_wete:
Yakhe mie nna suali moja tu, Ramadhani utafanyaje? Maana wenye sigara tunawaona alasiri walivo, hawasemezeki. Na masheikh wengi tuliowasikia wanasema ni haramu, wachache makuruhu, hakuna alosema sunna 😂

kijana_kaskazini:
😂 shukran nyote. Bi mkubwa mke wangu kasoma kacheka peke yake. @jino_la_hekima je nikisukutua mdomo baada ya kuvuta, na pale kazini nnavyosimama katikati ya moshi wao masaa yote?

jino_la_hekima:
Kusukutua kunapunguza harufu tu, nikotini ishapita zamani. Hilo la kazini nalo si dogo, maana siga zako za zawadi unachagua na ule moshi huuchagui. Zungumza na bosi meza za wavutaji zihamie demani, kule upepo unakoelekea, kaunta yenu ibaki joshini, upepo unakotokea, haigharimu hata shilingi. Akikataa angalau mpokezane zamu msiwe nyie nyie kila usiku.

forodhani_usiku:
Hilo la demani nakubali. Na mie najua wapi pa kukaa nikija huko.