Skeli moja ya mfumo wa Jua kwa uwanja wa shule

Mwalimu wa Darasa la Sita:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi, na picha ya mfumo wa Jua iliyobandikwa ukutani mwa darasa letu inanipa shida. Sayari zote nane zimepangwa kwenye mstari mmoja, zikiwa zimesongamana, na Jua limechorwa nusu tu ukingoni. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kwa nini hazigongani ikiwa zimekaribiana kiasi hicho, na mwenzake akataka kujua ni nani aliyekwenda kupima umbali ulioandikwa chini ya kila sayari. Ningependa kuwatoa nje niwaonyeshe ukubwa wa sayari na umbali wake kwa skeli moja, si ukubwa kwa skeli hii na umbali kwa skeli nyingine, nikitumia vitu vinavyopatikana sokoni. Je, uwanja wa kawaida wa mpira unatosha?

Mtazamanyota:

Unatosha mpaka Mshtarii, Mwalimu, kisha unakwisha. Chukua skeli ya 1 kwa bilioni 10, yaani sentimita 1 ya uwanjani isimame badala ya kilomita 100,000 za angani. Jua, ambalo kipenyo chake ni kilomita 1,392,000 hivi, litakuwa na sentimita 14, nalo ni balungi kubwa. Dunia itakuwa na milimita 1.3, punje ya ulezi, na mahali pake ni mita 15 kutoka kwenye balungi. Kabla yake weka Utaridi kwenye mita 6 na Zuhura kwenye mita 11. Mirihi iweke kwenye mita 23. Utaridi ina nusu milimita tu, kwa hiyo usihangaike kuitafutia punje, nukta ya kalamu kwenye karatasi inatosha. Mshtarii ni gololi iliyo mita 78 kutoka kwenye Jua. Zohali ni gololi ndogo kidogo kuliko hiyo, nayo iko mita 143, nje ya uwanja. Uranus na Neptuni ni punje mbili za choroko, moja kwenye mita 287 na nyingine kwenye mita 450, na hapo itakubidi umtume mwanafunzi aliye mkubwa aende na bendera ili wenzake wamwone.

Kuna jambo moja ningekuomba usiliache. Mwambie kila mwanafunzi asimame kwenye punje ya ulezi, anyooshe mkono na kulifunika balungi kwa kidole kidogo. Usiku wa mwezi mpevu afanye vivyo hivyo kwa Mwezi, ambao kwa macho yetu unalingana na Jua kwa ukubwa (Jua lenyewe lisitazamwe moja kwa moja hata kidogo). Ataona kwamba balungi na Mwezi vinafunikwa kwa kiasi kile kile, na hapo atakuwa ameihakiki skeli yako mwenyewe, bila kuhitaji kukuamini wewe wala mimi.

Wakikuuliza kuhusu nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, itakuwa kama kilomita 4,000 kutoka uwanjani. Huo ni karibu umbali wa mstari mnyoofu kutoka Dar es Salaam hadi Muscat.

Binti wa Anga:

Hesabu za Mtazamanyota ni sahihi, lakini mimi singeanzia kwenye Jua. Watoto wakishaona nukta na punje zisizoonekana kwa mbali, wengi wao huchoka kabla ya kufika Zohali. Ningeanza na Dunia na Mwezi, kwa sababu huo ndio umbali ambao kila kitabu huuchora vibaya kuliko wote. Mpe mwanafunzi mpira wowote, umwite Dunia, kisha mwambie auweke Mwezi mahali anapodhani unakaa. Karibu kila mtu, na hata watu wazima, huuweka ndani ya urefu wa mkono. Mahali pake halisi ni umbali wa vipenyo 30 vya mpira huo.

Kisha waambie wajumlishe vipenyo vya sayari nyingine zote saba. Mshtarii ina kilomita 139,800 na Zohali ina 116,500, na ukiongeza Uranus, Neptuni, Zuhura, Mirihi na Utaridi utapata takriban kilomita 380,000. Umbali wa wastani wa Mwezi ni kilomita 384,400. Sayari zote saba zingeingia katika nafasi hiyo zikiwa zimegusana, ingawa Mwezi unapofika karibu zaidi nasi, kwenye kilomita 363,000 hivi, zisingeenea.

Mzee wa Lenzi:

Nijibu lile swali la aliyekwenda kupima, kwa kuwa limepitwa. Hakuna aliyekwenda. Mwaka 1619 mwanaastronomia Johannes Kepler alichapisha kanuni inayounganisha muda wa sayari kulizunguka Jua na umbali wake kutoka kwenye Jua. Kwa kanuni hiyo, Mshtarii inayotumia karibu miaka 12 lazima iwe mbali mara 5.2 kuliko Dunia. Wataalamu wakawa na ramani iliyo sahihi kwa uwiano lakini isiyo na skeli. Walihitaji umbali mmoja tu wa kweli ili mingine yote ijulikane.

Mwaka 1672 wanaastronomia wawili, Cassini akiwa Paris na Richer akiwa Cayenne, Amerika ya Kusini, waliitazama Mirihi kutoka pande mbili za bahari. Ilionekana kusogea kidogo sana mbele ya nyota za nyuma yake, na kwa pembe hiyo wakakadiria kwamba Jua liko karibu kilomita milioni 140 kutoka kwetu. Mwanaastronomia Mwingereza, Halley, alishauri baadaye kwamba Zuhura itumike inapopita mbele ya Jua, jambo lililotokea mwaka 1761 na 1769, yeye akiwa ameshafariki. Le Gentil wa Ufaransa aliikosa mara ya kwanza kwa sababu alikuwa merikebuni, akabaki katika Bahari ya Hindi kuingoja ya pili, na siku ilipofika mawingu yakatanda Pondicherry, India, alikokuwa. Mwaka 1961 kazi hiyo ilifanywa kwa rada iliyoelekezwa Zuhura, na leo tunasema kilomita milioni 149.6.

Mwalimu wa Darasa la Sita:

Nawashukuru sana. Nitaanza na mpira na Mwezi, kisha ndipo tutoke kwenda uwanjani. Je, niwapange watoto kwenye mstari mmoja?

Mtazamanyota:

Kwa kupimia mita, ndiyo. Baada ya hapo watawanye, kila mmoja aende upande wake akiwa na umbali ule ule kutoka kwenye balungi, kwa maana sayari hazijipangi mstari kama zilivyo kwenye picha yako. Yule aliyeuliza kuhusu kugongana ashike ulezi, atazame mwenzake wa Mirihi yuko wapi. Kwa skeli hii mwanga wenyewe hutembea sentimita 3 kwa sekunde, kwa hiyo mmoja wao anaweza kutoka kwenye balungi kwa mwendo huo, akiwa na saa mkononi, na itamchukua dakika 8 na kidogo kuifikia Dunia. Kwenda Neptuni asijaribu, kwani zinahitajika zaidi ya saa 4.