Shamba la michikichi Kalangala, eka mbili: ninunue au niache?

Afande Mstaafu
Wakubwa kwa wadogo, habari za leo. Nimestaafu jeshini, kiinua mgongo kimetoka na bado hakijaliwa. Kuna mzee kisiwa cha Bugala, huko Kalangala kwenye Ziwa Victoria, Uganda, anauza shamba la michikichi. Anasema ni eka mbili, miti 172, ilipandwa 2007. Alinionyesha risiti za kiwandani za 2022, kwa kweli nilishtuka, pesa ni nyingi. Sababu ya kuuza: watoto wote wako Kampala, hakuna wa kuvuna. Mke wangu anataka tujenge mizigo, yaani vyumba vya kupangisha, Bweyogerere karibu na Kampala. Mimi moyo uko kisiwani. Nishaurini.

Mwana wa Ssese
Afande, hongera kwa kustaafu salama. Tuanze na hesabu yako maana haikai sawa. Huku michikichi hupandwa mita 9 kati ya shina na shina, kwa pembetatu. Hiyo ni miti 143 kwa hekta, kama 58 kwa eka. Eka mbili ni miti 116. Miti 172 ni ya eka tatu! Ama shamba ni kubwa kuliko anavyosema (sijawahi kuona muuzaji wa namna hiyo), ama miti imebanana, na mchikichi uliobanana hurefuka kutafuta jua na kuzaa kidogo. Nenda ukahesabu mwenyewe, shina kwa shina.

La pili ni umri. Mchikichi huanza kuzaa mwaka wa tatu, unashika nguvu kuanzia wa saba au wa nane, na ukikaribia ishirini unaanza kushuka. Kwenye 25 hivi watu hung'oa na kupanda upya, kwa sababu umekuwa mrefu hata mundu wenye mpini mrefu haufikii vizuri. Ukipanda upya unakaa karibu miaka mitatu bila shilingi. Yaani mzee amekula nyama, anakuuzia mchuzi. Mchuzi nao ni chakula, lakini usiulipie bei ya nyama.

Bibi Ngazi
Mimi ni Mkongo, niko Kampala miaka mingi, nimezaliwa katikati ya ngazi (matunda ya mchikichi) na mawese. Afande, hizo risiti za 2022 mrudishie. Mwaka ule vita vya Ukraine vilikata mafuta ya alizeti, halafu Indonesia ikafunga kuuza mawese nje tangu mwishoni mwa Aprili mpaka Mei. Bei ilipanda dunia nzima. Hiyo haikuwa kazi ya shamba la mzee. Omba risiti za miaka mitano na usome KILO, usisome shilingi.

Tena hata kilo zinadanganya. Ua la kike ndilo linalotoa ngazi, la kiume halikupi kitu, na mti huamua hilo karibu miaka miwili kabla ya mavuno. Ukame au njaa ya mbolea ya leo utaiona mwaka kesho kutwa. Mtu anayetaka kuuza anaweza kuacha mbolea kabisa na bado akakuonyesha mizani nzuri. Uliza mbolea ilinunuliwa lini mara ya mwisho. Akianza kukohoa, umeshajibiwa.

Wakili wa Mtaani
Ni kibanja (anakaa kwenye ardhi ya mtu mwingine) au ana hati? Kama ni kibanja kwenye ardhi ya mailo (ile ya Buganda yenye mmiliki wa kudumu), sheria inamtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Na kama ni ardhi ya familia, mke wake lazima akubali. Ulizia pia deni: wakulima wengi walipanda kwa mkopo unaokatwa kwenye mauzo. Usije ukarithi deni la mtu.

Mwana wa Ssese
Nyongeza. Matunda yanataka kufika kinuni ndani ya siku moja, yakilala asidi inapanda na mafuta yanaharibika. Kuvuna ni kila siku kumi hadi kumi na nne, mwaka mzima. Atavuna nani, afande? Ukiwa bado Nakiwogo, Entebbe, ukisubiri feri ya kuja kisiwani, wenzako huku washapakia lori.

Afande Mstaafu
Nimerudi jana, asanteni nyote. Nilihesabu mara mbili: miti 118. Nilipomuuliza hizo nyingine, mzee akasema ziko ng'ambo ya mtaro, ni za mdogo wake, "lakini sisi ni familia moja." Mbolea? Alikohoa, Bibi Ngazi, nakuapia. Risiti za kilo ameahidi kunitumia kwa WhatsApp, ni siku ya tatu hii. Nimemwambia nikizipata nitalipia miti 118 kwa umri wake, kisha mpima na mkewe waje tukae. Mama watoto naye hajangoja, ameshauliza bei ya matofali.