Tupeane uzoefu: AC inayojazwa gesi kila joto likianza

Mama Salha: Jirani kaniambia AC yake "imemaliza gesi" tena, nikakumbuka yaliyonikuta. Kila fundi kwangu alikuwa na neno hilohilo. Jamani, gesi ya AC haiishi kama petroli! Inazunguka humohumo kwenye mabomba, ikipungua, imevuja. Aliyenisaidia alipaka povu la sabuni kwenye nati za mashine ya nje. Moja ikatoa vipovu vidogo vidogo, na chini yake doa la mafuta limeshika vumbi. Akakata mdomo wa bomba, akautanua upya, akakaza. Nyie je?

Kiyoyozi: Doa la mafuta, hapohapo! Hata kwangu.

Fundi Baridi: Ila bomba likiganda barafu msikimbilie gesi. Filta ikiziba linaganda vilevile. Safisha kwanza.

Zuwena: Mimi fundi wangu huzidisha kidogo, ili ipoe zaidi.

Fundi Baridi: Anakuharibia, dada. Ikizidi, presha inapanda, na gesi inaweza kurudi kwenye kompresa, ile pampu inayoisukuma, ikiwa bado majimaji. Vali zinavunjika. Apime kwa mizani, kiasi kilichoandikwa kwenye lebo.

Zuwena: Mbona wengi wanatumia geji ya presha tu na mashine zinapoa?

Fundi Baridi: Presha hubadilika na joto la siku. Halafu gesi ziko aina nyingi: R-410A ina presha kubwa kuliko R-22, si kila geji inaifaa.

Baba Imran: Acheni mizani kwanza. Mnajua mnachopaswa kuogopa? Fundi alikuja kwetu kutafuta panapovuja, akaunganisha mtungi wa oksijeni kwenye mfumo. Mdogo wangu, mchomeleaji, akapiga kelele, "Usifungue hiyo!" Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa, inalipuka. Watoto walikuwa wamekaa chini ya ile mashine. Usiku ule sikulala.

Kiyoyozi: Ya Rabi! Watoto wazima?

Baba Imran: Wazima, alhamdulillahi. Valvu ya mtungi haikuwa imefunguliwa.

Mama Salha: Sasa apimie nini?

Fundi Baridi: Naitrojeni kavu, na regyuleta ya kupunguza presha ya mtungi. Akishaziba, avute hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo ajaze.

Zuwena: Hilo la pampu sijawahi kumwona nalo. Kesho namuuliza.

Kiyoyozi: Gesi ya AC yangu ni R-32. Vipi?

Fundi Baridi: Hiyo inashika moto. Fungua madirisha, na asichomelee kabla hajaitoa yote.