Quebec ilikataa bomba, ikaishiwa propani: Alberta walikuwa na haki ya kuwasema?

Mto Bow
Wakuu, naleta hoja hii kwa sababu kila mgomo wa reli unapotajwa Kanada, maneno ni yale yale. Novemba 2019 makondakta na wafanyakazi wa yadi wa kampuni ya reli ya CN, watu kama 3,200 walio chini ya chama cha wafanyakazi cha Teamsters, waligoma. Siku ya pili tu waziri mkuu wa Quebec, François Legault, akatangaza kuwa jimbo lake limebakiwa na gesi ya propani, ambayo hufika kwa reli, ya siku zisizofika tano. Huyu ndiye aliyesema Desemba 2018 kwamba Quebec haina haja na nishati chafu na kwamba wananchi wake hawataki bomba la mafuta. Energy East, bomba la kupeleka mafuta ya Alberta mashariki, lilikuwa limeshafutwa tangu Oktoba 2017. Mtu akikataa bomba lako, kisha treni zikisimama akaenda kulia kwa serikali kuu Ottawa, amlaumu nani? Mimi nasema ajilaumu mwenyewe. Na hapo sijagusa zile dola bilioni 13 za kusawazisha majimbo, fedha ambazo serikali kuu huyapa majimbo yenye kipato kidogo, ambazo Quebec ilipata mwaka huo.

Fundi Mitungi
Mkuu, unachanganya vitu viwili. Energy East lilikuwa bomba la mafuta ghafi: km 4,500, mapipa milioni 1.1 kwa siku, mwisho wake Saint John kule New Brunswick. Propani haisafirishwi hivyo. Inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ili ibaki kimiminika lazima ifungiwe kwa presha muda wote, kwenye tangi, kwenye behewa, kwenye pampu. Labda useme viwanda vya kusafisha mafuta vya Montreal na Lévis vingetoa kiasi. Vinatoa, ila kidogo, na ghafi ya magharibi tayari inafika Montreal kwa bomba la Line 9, lililogeuzwa mwelekeo mwaka 2015, uwezo wake mapipa 300,000 kwa siku.

Bomba linalohusu propani ni Cochin. Lilitoka Fort Saskatchewan, Alberta, likapita Marekani kuelekea Windsor, Ontario. Mwaka 2014 likageuzwa mwelekeo ili lipeleke kondenseti Alberta, ile ya kulainisha lami ya mchanga wa mafuta iweze kupita bombani. Baada ya hapo propani ya Alberta ikabaki kuitegemea reli zaidi. Uamuzi huo haukutoka Quebec.

Mto Bow
Fort Saskatchewan naijua, huna haja ya kunielekeza. Hoja yangu ni heshima. Sera ya Ottawa ya 1961 iliruhusu walio mashariki ya bonde la mto Ottawa wanunue mafuta ya nje kwa sababu yalikuwa rahisi, sisi wa magharibi tukatumia yetu kwa bei ya juu. Bei ya dunia ilipopanda, mchezo ukageuzwa: Oktoba 1980 ikaja sera ya taifa ya nishati iliyobakiza bei ya mafuta ya Alberta chini ya ile ya dunia. Lougheed, waziri mkuu wetu wa Alberta wakati huo, akapunguza uzalishaji. Ndizo zama za zile stika za magari zilizotaka watu wa mashariki wagande gizani. Watu hawasahau.

Binti Limoilou
Kaka, unazitaja stika hizo kama hoja. Agande nani? Nyumba nyingi Quebec zinapata joto kwa umeme wa mabwawa. Propani ile ilikuwa ya hospitali, nyumba za wazee, mabanda ya kuku na mashine za kukaushia mahindi. Akiba ilikuwa lita milioni 12. Matumizi ya kawaida ni milioni 6 kwa siku, serikali ikayabana hadi milioni 2.5, hospitali na nyumba za wazee zikatangulizwa. Mkulima ndiye aliyekatiwa.

Na hiyo bilioni 13, acheni kuirudia. Alberta haiandikii Quebec hundi. Fedha hizo zinatoka kwenye kodi za serikali kuu ambazo hata mfagiaji wa Montreal analipa.

Kipkelion
Hapo kwa mahindi ndipo sielewi huruma yenu. Mahindi hayahitaji gesi. Bonde la Ufa yanaanikwa kwenye turubai mpaka yafike unyevu wa 13.5, yanauzwa. Hawa wamezoea mashine, gesi ikikosekana wiki mbili za mgomo wanaenda kumwaga mahindi mbele ya ofisi ya Trudeau, waziri mkuu wa Kanada wakati huo, kule Montreal. Huo ni uzembe wa mkulima, msiuite janga la nishati.

Mkaushaji
Kipkelion, kuanika kunataka jua, hewa kavu na siku kadhaa mfululizo. Quebec mwezi wa Novemba joto linazungukia sifuri, hewa ina unyevu, na mwaka ule theluji ilianguka mapema mahindi yakiwa bado shambani. Yalikuwa yakivunwa kwa asilimia 25 na zaidi, na ili yakae ghalani lazima yashuke hadi 14 au 15.

Chukua tani moja ya asilimia 25, ishushe hadi 15. Umetoa kilo 118 za maji. Mashine ya hewa moto inakula kama megajuli 5 kwa kila kilo ya maji, na lita ya propani ina megajuli 25 hivi. Hiyo ni karibu lita 24 kwa tani, na kichomeo kikiwa kichafu au feni ikiwa dhaifu unafika 30. Shamba la hekta 100 linalotoa tani 10 kwa hekta linataka zaidi ya lita 20,000 ndani ya wiki chache, na majirani wote wanazitaka wiki hizo hizo.

Sumu yenyewe siyo aflatoksini mnayoijua ninyi. Kwenye baridi na mvua inayoshambulia gunzi ni kuvu ya Fusarium, na nguruwe akilishwa mahindi hayo anakataa kula au anatapika. Kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha ingia, kunazuia isiongezeke tu. Kwa hiyo kuchelewa ndiyo hasara. Na usiyasifie sana hayo ya turubai: mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Makueni na Kitui kwa mahindi yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu.

Kipkelion
Usituletee maiti za Makueni kumtetea mtu mwenye mashine ya mamilioni. Wale walivuna mapema kwa njaa na kwa kuogopa kuibiwa, wakayaweka ndani ya nyumba kwa sababu hawakuwa na ghala. Hawafanani kabisa na huyo wa Quebec.

Na wewe unayejua hesabu, mbona umeruka jambo moja? Baridi hiyo hiyo inahifadhi. Ukipuliza feni usiku mpaka mahindi yakaribie sifuri, yanakaa wiki kadhaa bila tone la gesi. Anachohitaji ni umeme, na umeme Quebec ni wa kumwaga.

Mkaushaji
Yanakaa, kwa masharti. Kihenge kiwe na sakafu yenye matundu na feni yenye nguvu ya kusukuma hewa mpaka juu. Chenga na vumbi hurundikana katikati, chini ya mdomo wa kujazia, hewa haipiti pale na joto linaanzia pale pale. Ni lazima ufungue chini utoe yale ya katikati kwanza, usawazishe juu, ndipo upulize. Mahindi mabichi mno yakiganda hushikana mabonge, na siku ya kuyatoa yanaziba mdomo. Watu hufa wakiingia kihengeni kuyagonga.

Halafu hukuuliza kihenge cha mahindi mabichi kina nafasi kiasi gani. Ni kidogo, kwa sababu kazi yake ni kulisha mashine usiku ule ule. Mashine ikizimwa kinajaa, trela linasubiri, mashine ya kuvunia inasimama shambani. Na kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 au 33. Huyo humwambii asubiri wiki.

Saa Nane Usiku
Mgomo haukuwa wa wiki mbili. Ulianza 19 Novemba, makubaliano yakapatikana 26. Sasa mmebishana mahindi hapa na hakuna hata mmoja aliyeuliza waligomea nini. Walidai mapumziko na usalama. Kazi ya yadi ni kuendesha kichwa cha treni kwa rimoti iliyofungwa kifuani huku unaning'inia kwenye ngazi ya behewa, usiku, peke yako, chuma kina barafu.

Quebec wanajua treni yenye watu pungufu inaleta nini. Lac-Mégantic, 6 Julai 2013, kampuni nyingine siyo CN: mabehewa 72 ya mafuta ghafi, mtu mmoja tu kwenye treni nzima. Alikaza breki za mkono saba, uchunguzi ukasema zilihitajika kati ya 17 na 26. Kichwa kilichokuwa kinashikilia breki za hewa kilishika moto, wazimamoto wakakizima, hewa ikavuja, treni ikateremka mjini. Watu 47 wakafa.

Na Teamsters walisema wazi wakati ule: mameneja walioendesha treni chache wangeweza kuvuta propani, CN ikachagua kuvuta ghafi.

Mto Bow
Ghafi hiyo unayoisema kwa dharau ndiyo inalipa mishahara Alberta, na inapanda treni kwa sababu mabomba yalikataliwa. Mafuta yaliyounguza Lac-Mégantic yalitoka Dakota Kaskazini, usitubebeshe sisi. Na kama reli ndiyo ilikuwa tatizo, barabara zilikuwepo. Wangekodi maboza. Au hilo nalo linamsubiri Ottawa?

Saa Nane Usiku
Sijasema Alberta waliwaua. Nimesema mtu mmoja kwa mabehewa 72. Soma tena.

Fundi Mitungi
Hilo la maboza lilifanyika, ila pigeni hesabu. Behewa la presha linabeba lita 110,000 hivi, kwa hiyo lita milioni 6 ni mabehewa zaidi ya 50 kila siku. Boza kubwa kabisa la barabarani linabeba kama nusu ya behewa, basi weka maboza 110 kwa siku. Sarnia, ambako propani nyingi ya mashariki hutenganishwa, ni zaidi ya km 800 kutoka Montreal. Sheria inamruhusu dereva saa 13 za usukani kwa siku, ongeza foleni ya kujaza: kwenda na kurudi ni siku mbili. Unahitaji maboza 220 ya presha na madereva wenye vyeti vya mizigo ya hatari, katika wiki ambayo Ontario nao wanayataka hayo hayo. Boza la petroli halifai, tangi lake halihimili presha hiyo.

Mngekuwa mnataka kugombana kwa haki mngegombania akiba. Lita milioni 12 ni siku mbili za matumizi ya kawaida. Sarnia na Fort Saskatchewan wana mapango yaliyochimbwa ndani ya chumvi ardhini, Quebec inategemea matangi ya chuma. Tangi la lita 114,000 hulijazi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu propani ikipata joto inatanuka na isipopata nafasi valvu ya usalama inafyatuka. Unabaki na lita 91,000. Kuwa na akiba ya siku kumi kunataka matangi zaidi ya 500 ya ukubwa huo juu ya yaliyopo.

Mto Bow
Kwa fedha ya nani? Ya kusawazisha majimbo?

Binti Limoilou
Umeirudia tena. Hujajibu hata kitu kimoja tangu ulipofungua mjadala. Akiba iwekwe na wauzaji, kwa sheria, na mkulima ajaze tangi lake Agosti bei ikiwa chini.

Mkaushaji
Dada, hilo la Agosti linasaidia kidogo mno. Tangi la shamba la lita 7,600 ukilijaza asilimia 80 unapata kama lita 6,000, yaani tani 250 za mahindi. Yule wa tani 1,000 anahitaji manne, na yanatumika wiki sita kwa mwaka. Nitajieni benki inayomkopesha kwa ajili hiyo, ndipo mumlaumu.

Kipkelion
Na apande mbegu inayokomaa mapema. Mbona hilo halitajwi?