Kichwa cha lori cha mtumba kiliitwa kiwandani kurekebishwa kikiwa bado Ulaya, sasa kiko Mwanza. Kisajiliwe?

Kichwa Bila Tela
Wadau, nina kichwa cha Ulaya, nilikichukua kwa dalali Dar miaka miwili iliyopita. Mwezi uliopita tulilala Usagara, asubuhi tandiboi wangu akaamka anatapika, kichwa kinamgonga. Nikajua malaria. Usiku wa pili yaleyale. Nikanyanyua godoro la kitanda cha nyuma, ukutani nakuta mstari wa masizi kama umechorwa kwa mkaa, umeanzia kwenye tundu la nyaya. Kushuka chini, fleksi (lile bomba la mikunjo linalotoka upande wa turbo kwenda sailensa) imepasuka nusu mzunguko, na klampu yake inazunguka kwa vidole.

Kijana mmoja wa mjini akachukua zile namba 17 za chasisi, akazitafuta kwenye tovuti ya kiwanda. Kumbe lori liliitwa kurekebishwa lilipokuwa hukohuko, kwa kasoro hiyohiyo ya klampu na bomba la moshi, tena bure. Mwenyewe wa kwanza hakulipeleka. Aliyeniuzia hakunitajia.

Swali: serikali ikatae kusajili lori lenye wito wa kiwanda ambao haujatekelezwa? Na msiniambie nipeleke kwa mafundi wa chini ya mwembe, hao ndio wanaotumaliza. Nawasilisha.

Fundi Nyakato
Mkuu, mwembe umekukosea nini? Umekanyaga mafuta miaka miwili hujainama hata siku moja kuangalia fleksi, leo muuaji ni mimi?

Msomi wa Nyegezi
Naunga mkono hoja. Marekani wana sheria tangu 1966: kasoro ya usalama ikigundulika, kiwanda kinatangaza, na tangu 1974 kinatengeneza kwa gharama yake. Mwaka 2018 Cummins, watengeneza injini, waliita malori kama 500,000, mfumo wa moshi ulikuwa unashika moto. Sisi tuna TBS, shirika la viwango, mwaka 2021 walianza kukagua magari ya mtumba yakishafika Dar. Kinachotakiwa ni kuongeza kisanduku kimoja kwenye fomu: namba 17 zimeangaliwa?

Dizeli Safi
Msomi, acha kuchanganya mafaili. Ile ya Cummins haikuwa ya moto. Katalisti ya kusafisha moshi ilikuwa inachakaa kabla ya wakati, malori yakawa yanatoa oksidi za naitrojeni kupita kiwango. Kuna wito wa hewa chafu na kuna wito wa usalama. Mleta mada anaongelea wa pili.

Halafu jingine. Injini ya dizeli inatoa kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya kwenye moshi, kidogo kuliko ya petroli. Tandiboi inawezekana kweli alikuwa na malaria.

Tandiboi Mstaafu
Aaah. Tajiri akiona tandiboi anatapika, malaria. Asubuhi akimkuta amekauka atasema karogwa. Dizeli Safi, hiyo "kidogo" yako njoo uilalie kwa saa nane, vioo vimefungwa kwa ajili ya mbu, injini inaunguruma ili upepo wa breki usiishe. Hewa yenyewe haina rangi wala harufu. Unachosikia ni moshi mwingine, nao unauzoea. Enzi za feri pale Kigongo tumelala foleni hivyo siku mbili, mbele yako malori thelathini yote yamewashwa.

Mama Sangara
Kigongo msikiguse. Nilikaanga samaki pale miaka kumi na moja. Hiyo foleni mnayoilaani ndiyo imenisomeshea watoto wawili. Tangu wafungue daraja Juni 2025 malori yanapita kilomita tatu zile kama yanakimbizwa. Dereva hata honi hapigi.

Msomi wa Nyegezi
Mama, kwa hiyo tungeacha kujenga daraja ili uuze samaki?

Mama Sangara
Nimesema hivyo wapi? Soma kwanza. Nimehamia Mwaloni Kirumba, na huko ndiyo mtajua moshi ni nini. Lori la dagaa linapakia kwa saa tatu halizimwi, bomba limeelekea kwenye meza yangu. Jioni nikifuta turubai, kitambaa kinatoka cheusi, na kina utelezi, si kama masizi ya kuni. Watu wa shirika la utafiti wa saratani duniani walishasema tangu 2012 kwamba moshi wa dizeli unaleta saratani. Hiyo hujaisoma huko Nyegezi?

Fundi Nyakato
Bado nipo kwenye mwembe. Nimefunga mikanda, gasketi, turbo, vichwa vya matajiri wa mji huu chini ya huo mti kwa miaka 22. Wengine wenye sakafu ya vigae wanakuletea bili ya kompyuta, halafu usiku wananipigia mimi.

Mzee wa Buzuruga
Fundi, kama ni pale ninapopajua, ule si mwembe. Ni mkungu.

Fundi Nyakato
Mzee shikamoo. Ni mwembe. Hauzai tu.

Mzee wa Buzuruga
Marahaba. Mti usiozaa embe miaka 22 na una majani mapana yanayogeuka mekundu, mwanangu, huo ni mkungu.

Kichwa Bila Tela
Jamani, swali.

Dizeli Safi
Swali lako lina jibu ila hulitaki. Fundi atuambie, nani anayekata machujio ya masizi hapa mjini? Kila lori la Euro 6 (kiwango cha moshi cha Ulaya) likishafika, wiki ya kwanza linakatwa chujio na kuwekwa bomba tupu. Ukishalichokonoa hivyo, wito wa kiwanda una maana gani?

Fundi Nyakato
Hapo umeuliza cha maana, nakujibu bila hasira. Kwanza, Euro 5 nyingi za Ulaya hazina hilo chujio, zina katalisti ya AdBlue (dawa inayonyunyizwa kwenye moshi) tu. Euro 6 ndiyo yenye vyote. Chujio likijaa linajichoma lenyewe, joto linafika kama nyuzi 600, na linataka dizeli yenye salfa kidogo sana. Ulaya wanatumia ya sehemu 10 kwa milioni. Afrika Mashariki kiwango tulichojiwekea 2015 ni 50. Ongeza safari fupi za kusimamasimama, chujio linaziba, injini inapoteza nguvu, tajiri anasema "kata". Mimi nikikataa anaenda mti wa pili.

Ila klampu ni habari nyingine. Klampu ikilegea, ule moto hauendi sailensa, unapuliza pembeni. Kwenye vichwa vingi pembeni hapo kuna nyaya na mipira ya nailoni ya upepo. Mpira ukiyeyuka upepo unaisha, breki za springi zinajifunga zenyewe, nawe una tani thelathini kwenye mteremko. Kama umebeba pamba, au umeegesha kwenye nyasi za kiangazi, sina haja ya kumalizia. Hicho sijawahi kukata mimi wala mwembe.

Mzee wa Buzuruga
Mkungu.

Tandiboi Mstaafu
😂😂

Msomi wa Nyegezi
Sawa, tuseme lori lina wito wa zamani. Kiwanda kina wakala Dar. Kwa nini FCC, tume ya ushindani, ambao kazi yao ni kumlinda mlaji, wasimlazimishe wakala atengeneze bure hata kama lori ni la mtumba? Kasoro haikuzaliwa Tanzania.

Kichwa Bila Tela
Nilimpigia wakala. Akaniambia lori si lao, halikuingia kwa mkono wao. Nikamuuliza klampu ni ya nani. Akaniambia nitume barua pepe. Nimetuma mbili.

Dizeli Safi
Na ukikatazwa kusajili, hilo lori ungelirudisha Ulaya kwa meli? Lingeozea bandarini na mkopo unaendelea. Wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kuilaani serikali humu.

Kichwa Bila Tela
Ningelilipia klampu Dar kabla ya kulitoa. Ni klampu, si injini.

Tandiboi Mstaafu
Kijana anaendeleaje lakini?

Kichwa Bila Tela
Yuko kwao Magu. Alipimwa, hana malaria. Nimemwambia apumzike.

Tandiboi Mstaafu
Apumzike kwa mshahara au kwa maneno?

Mama Sangara
Hapo sasa!

Chuma Chakavu
Nina fleksi za vichwa vya Ulaya, zimetoka kwenye malori yaliyopinduka, bado safi. Nipo Igoma. Inchi ngapi?

Kichwa Bila Tela
Inchi tano. Naitaka pamoja na klampu yake, sitaki ya kuchomelea.

Chuma Chakavu
Fleksi ipo. Klampu utatafuta.