Makumbusho ya Kalenga na Isimila kwa siku moja, inawezekana?

Mwl_Kihesa: Kamwene wadau wa Iringa. Nataka kuwapeleka watoto wa darasa la sita wakaone maisha ya Wahehe wa zamani pamoja na zile zana za mawe za Isimila, maana zama za mawe wamezikariri tu kwa ajili ya mtihani. Nina koasta moja, kutoka asubuhi kurudi jioni. Kalenga na Isimila zinaingia siku moja?

mnyalu_wa_mjini: Zinaingia ila haziko njia moja mwalimu. Isimila ni barabara ya Mbeya kama kilomita 20, Kalenga ni ile ya kwenda Ruaha kama 15 hivi, kwahiyo lazima mrudi mjini kwanza. Anzeni Isimila mapema, kule korongoni jua likishapanda mtaiona.

Bi_Mlandege: Mimi Kalenga sikuona cha maana, kachumba kadogo, mikuki, ngao, bunduki za kizamani na fuvu la Mkwawa, yule mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwenye kioo. Dakika kumi nishatoka.

korongo_la_kale: Sasa dada ulimsikiliza anayetembeza wageni au ulipiga picha ukaondoka? Lile fuvu lina kesi ndefu, Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kifungu cha 246 kabisa kinamtaka Mjerumani alirudishe, halafu likaja kurudi 1954. Twining, gavana wa Mwingereza hapa Tanganyika, alienda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kati ya mafuvu kibao, akapima akalinganisha na vichwa vya ndugu za Mkwawa, na akaangalia lenye tundu la risasi kwasababu Mkwawa alijipiga mwenyewe 1898. Mpaka leo wapo wanaobisha kama ndilo lenyewe. Mwalimu waulize watoto, wewe ungelitambuaje? Hapo watabishana mpaka mnafika nyumbani.

Isimila nayo usiwapitishe mbiombio kwenye zile nguzo za udongo kwa ajili ya picha. Kuna banda limefunika mashoka ya mawe yamelala palepale chini, wataalamu wanakadiria kama miaka 260,000. Alichimba mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell 1957 na 1958, na walipata mpaka mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yamechomoza juu ya kichwa, watoto watampenda huyo. Ila waambie mapema hakuna kuokota jiwe, likishahama pale mtaalamu hawezi tena kujua lilikaa na nini.

Mwl_Kihesa: Aisee hiyo ya kiboko sikuijua. Na vyombo vya nyumbani, vyungu, vibuyu, mambo ya shamba?

mnyalu_wa_mjini: Hivyo kaangalieni Boma, lile jengo la Mjerumani pale mjini, si mnapita hapohapo mkitoka Isimila? Mnashusha watoto, wanaangalia, wanakula, saa nane mnaelekea Kalenga. Cha muhimu piga simu kabla ujue viingilio vya wanafunzi, usiende na bei za kuambiwa na sisi huku.

Bi_Mlandege: Haya basi na mimi ntarudi Kalenga, ila safari hii mnyalu utanitembeza wewe 😂

Mwl_Kihesa: Asanteni sana. Naandika barua ya wazazi sasa hivi, naweka na viatu vya kufunga, yeboyebo sitaki kuziona.